Sheria yamtambua mtoto huntha, choo cha shule bado

KENGELE ya mapumziko inapogongwa katika shule ya msingi ya mashambani, wavulana hukimbilia upande mmoja wa kiwanja na wasichana upande wa pili. Vyoo vimejengwa kwa safu mbili, na ukutani pameandikwa kwa rangi ni vya nani. Muda si mrefu kila mmoja amekwisha kurudi darasani, na hakuna aliyelazimika kufikiri aende wapi.

Yupo mwanafunzi ambaye hulazimika kufikiri. Huyo ni mtoto aliyezaliwa na maumbile yasiyoweza kuwekwa moja kwa moja katika kundi la kiume wala la kike, ambaye Kiswahili humwita huntha. Yupo pia yule ambaye mwili wake hauna utata wowote machoni pa daktari, lakini hujiona kuwa wa jinsia tofauti na ile iliyoandikwa katika cheti chake cha kuzaliwa.

Watu wengi huwachanganya wawili hawa, na wengine huwatia katika kapu moja na mashoga. Sheria ya Kenya haiwachanganyi. Mtoto wa kwanza imemtaja waziwazi tangu mwaka 2022. Wa pili haijamtaja. Hata hivyo, shuleni wote wawili husimama mbele ya safu zile zile mbili za vyoo.

Mjadala kuhusu suala hili umekuwa ukiendeshwa zaidi jijini Nairobi, mahakamani na katika kumbi za mikutano. Uzito wake huonekana vyema zaidi mahali kama Nyacheki, wadi iliyoko katika eneobunge la Bobasi, kaunti ya Kisii. Huko Gusii mashamba ni madogo, boma limepakana na boma, na mtoto huketi darasani pamoja na binamu zake na watoto wa majirani. Jambo lililoonekana chooni saa nne asubuhi huwa limefika sokoni kabla ya jua kutua.

Hesabu isiyolingana

Sensa ya mwaka 2019 ilikuwa ya kwanza nchini kuwahesabu watu huntha kama kundi linalojitegemea. Walipatikana 1,524 katika nchi nzima. Kaunti ya Kisii, yenye watu 1,266,860, iliandikisha 38, na jirani yake Nyamira, yenye watu 605,576, ikaandikisha 13.

Anayetazama takwimu hizo anaweza kudhani kuwa suala lenyewe ni dogo kiasi kwamba mwalimu mkuu wa Nyacheki anaweza kustaafu bila kulikabili. Lakini jopokazi lililoundwa na Mwanasheria Mkuu mwaka 2017 kuchunguza hali ya watu huntha lilikadiria kuwa nchini wapo 779,414. Tofauti baina ya idadi hizo mbili ni kubwa mno, na inafaa ielezwe.

Kadirio la jopokazi linalingana na asilimia 1.7 ya watu wote, kiwango kinachotumiwa na wanaharakati wengi duniani. Kiwango hicho hujumuisha hali nyingi za kimaumbile ambazo mwenyewe huenda asizijue maisha yake yote. Mtafiti Leonard Sax wa Marekani alikipinga mwaka 2002, akisema kuwa wale ambao jinsia yao ina utata wa kweli machoni pa daktari ni kama asilimia 0.018 tu.

Hata tukilichukua kadirio hilo la chini, kaunti ya Kisii ingekuwa na watu wapatao 228. Sensa iliwapata 38. Waliosalia hawakupotea, karani wa sensa alipofika mlangoni aliambiwa mtoto ni mvulana, au ni msichana, akaandika alivyoambiwa na kwenda zake.

Mzazi aliyejibu hivyo pengine hakudanganya. Baadhi ya hali hizi hazionekani mtoto anapozaliwa. Yuko mtoto mwenye kromosomu za kiume ambaye mwili wake hauitikii homoni za kiume, naye hukua akiwa na umbo la msichana kamili. Shaka huanza tu hedhi inapokosa kufika. Yuko mwingine aliyeandikishwa kuwa msichana ambaye, akifika miaka 12 au 13, sauti humwia nzito na misuli kukaza, kwa kuwa mwili wake ulikuwa na upungufu wa kimeng'enya kinachojenga viungo vya nje vya kiume kabla ya kuzaliwa. Na yuko aliyelelewa kama mvulana ambaye siku moja huona damu.

Kwa maneno mengine, mambo mengi hufichuka wakati wa kubalehe, na siku hizi wakati huo humkuta mtoto katika kiwanja cha shule ya msingi. Tangu Januari 2023, wanafunzi wa Gredi ya 7 wa sekondari msingi wamekuwa wakisomea katika shule za msingi, na baadaye wakafuatwa na wale wa Gredi ya 8 na ya 9. Vijana wa miaka 12 hadi 15 hutumia vyoo vilivyochimbwa kwa hesabu ya watoto wadogo.

Ukuta usio na mlango

Ili kuuelewa ugumu huu ni lazima kuvitazama vyoo vyenyewe. Mwongozo wa viwango vya usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka shule iwe na matundu manne ya choo kwa wanafunzi 30 wa kwanza, kisha tundu moja kwa kila wanafunzi 30 kwa wale 270 wanaofuata, na baada ya hapo tundu moja kwa kila wanafunzi 50. Shule ya wanafunzi 300 basi yapaswa kuwa na matundu 13.

Mwongozo huo huo waongeza kuwa upande wa wavulana, angalau thuluthi moja ya nafasi ziwe vyoo vyenye tundu, na zilizosalia ziwe mahali pa kwenda haja ndogo. Kwa mjenzi ni kanuni ya busara, maana ukuta na mfereji wa saruji hugharimu kidogo na huwahudumia wengi kwa mara moja. Kwa mtoto huntha aliyeandikishwa kuwa mvulana, kanuni hiyo ina maana kuwa hadi thuluthi mbili ya nafasi alizotengewa hazina mlango.

Wenzake husimama wamepangana ukutani. Yeye, kama hawezi kwenda haja ndogo akiwa amesimama, hungoja tundu lenye mlango. Siku ya kwanza hakuna anayejali. Baada ya wiki mbili wameanza kumuuliza.

Katika jamii ya Abagusii swali hilo lina uzito wa ziada. Wavulana hutahiriwa wakiwa wadogo, katika likizo ya mwisho wa mwaka, wakisindikizwa kwa wimbo wa esimbore, kisha hukaa pamoja katika nyumba ya wageuzwa hadi wapone. Shule zinapofunguliwa Januari, kila mvulana anajua ni nani aliyetahiriwa na ni nani ambaye bado ni omoisia, na neno hilo ni tusi kwa kijana aliyepitwa na rika lake. Ukuta wa choo ndipo mahali ambapo habari hiyo huthibitishwa.

Mzazi mwenye mtoto huntha aliyemwita mvulana hupata kila sababu ya kuiahirisha Desemba hiyo: mtoto ni mgonjwa, fedha hazipo, atapelekwa hospitali mjini badala ya kijijini. Anaweza kufaulu mwaka mmoja au miwili. Kiwanja cha shule hakiahirishwi.

Upande wa wasichana kila tundu hutarajiwa kuwa na mlango, na kwa hiyo faragha ni kubwa zaidi, ingawa milango mingi ya vyoo vya shule haina komeo na mingine huning'inia kwa bawaba moja. Aliyeandikishwa kuwa msichana na ambaye sauti yake imekuwa nzito hutazamwa kwa jicho la shaka tangu anapoingia, na hofu ya wenzake si ya kupuuzwa. Msichana yeyote wa Gredi ya 8 ana haki ya kujua kuwa hakuna mvulana atakayemkuta chooni.

Mtoto aliyebanwa pande zote mbili hufanya wanavyofanya watoto wote: hanywi maji asubuhi, hujizuia hadi jioni, au huomba ruhusa wakati wa kipindi ili aende wengine wakiwa darasani. Mwengine huingia katika shamba la migomba lililopakana na shule. Kujizuia kwa muda mrefu, siku baada ya siku, huchangia maambukizi ya njia ya mkojo na kufunga choo, na mwanafunzi anayeumwa na tumbo hasomi. Mwisho wake ni utoro, na utoro wa namna hii hauna maelezo ambayo mtoto anaweza kumpa mwalimu.

Kwa walioandikishwa kuwa wavulana na wanaopata hedhi kuna shida nyingine. Sheria ya Elimu ya Msingi, iliyofanyiwa marekebisho Juni 2017, inailazimu Serikali kutoa sodo bila malipo kwa kila msichana aliyebalehe aliyeandikishwa katika shule ya umma, pamoja na njia salama ya kuzitupa. Neno lililotumika ni msichana. Sodo huhesabiwa kwa kufuata rejista, na katika rejista mtoto huyu ni mvulana.

Wanaodhani hayo ni mambo madogo wakumbuke kisa cha kaunti ya Bomet, Septemba 2019, ambapo msichana wa miaka 14 alijitoa uhai baada ya kupata hedhi akiwa darasani na, kwa mujibu wa mama yake, kuaibishwa na mwalimu. Huyo alikuwa msichana ambaye hakuna aliyetilia shaka jinsia yake.

Kutoka alama ya kuuliza hadi sheria

Safari ya huntha katika sheria za Kenya haikuanzia shuleni. Ilianzia gerezani. Mnamo Desemba 2010 Mahakama Kuu iliamua kesi ya Richard Muasya, mfungwa huntha aliyekuwa amezuiliwa katika gereza la wanaume la Kamiti. Majaji walikataa kutambua jinsia ya tatu, lakini wakaamuru alipwe Sh500,000 kwa kutendewa kwa njia ya kumvunjia utu, ikiwemo kupekuliwa mwili mbele ya wengine.

Miaka minne baadaye, Desemba 2014, Jaji Isaac Lenaola aliamua kesi ya mtoto aliyetambuliwa mahakamani kama Mtoto A. Mtoto huyo alizaliwa mwaka 2009 katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, na katika stakabadhi zake, palipopaswa kuandikwa jinsia, mhudumu alitia alama ya kuuliza. Jaji alimpa Mwanasheria Mkuu siku 90 kuieleza mahakama ni chombo gani cha Serikali chenye jukumu la kukusanya takwimu za watoto huntha, na hatua zilizopigwa kuelekea kutunga sheria. Jopokazi la mwaka 2017 na sensa ya 2019 ni matunda ya msukumo huo.

Kisha ikaja Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Humo mtoto huntha amefafanuliwa kuwa ni yule ambaye maumbile, homoni au kromosomu zake haziwezi kuwekwa katika kundi la kike au la kiume pekee, na sheria yasema bayana kuwa hali hiyo yaweza kudhihirika kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, utotoni, wakati wa kubalehe au ukubwani. Ana haki ya kutendewa kwa heshima, kupewa matibabu yafaayo, uangalizi maalumu na elimu. Aidha, ni marufuku kumbadilisha au kumwondoa viungo bila ushauri wa mtaalamu wa jenetikia.

Hiyo ni sheria nzuri. Mapungufu yake ni kwamba mwongozo wa vyoo wa mwaka 2008, ulioandikwa miaka 14 kabla yake, unazungumzia wavulana na wasichana tu, na mwalimu mkuu anapojenga choo huushika mwongozo, hashiki sheria. Katiba nayo, katika vifungu vya 28, 31 na 43, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa utu wake, haki ya faragha, na haki ya kuwa na usafi wa kiwango kinachostahili. Lakini Katiba haichimbi shimo la choo.

Yule ambaye sheria haimtaji

Kwa mwanafunzi asiye huntha ila hujiona kuwa wa jinsia nyingine, hali ni tata zaidi. Hakuna sheria ya elimu inayomtaja, na maamuzi yaliyopo yametokana na kesi za watu wazima.

Inayojulikana zaidi ni ya Audrey Mbugua, aliyefanya mtihani wa KCSE mwaka 2001 katika Shule ya Upili ya Kiambu kwa jina la kiume na kupata gredi ya A-. Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir aliliamuru Baraza la Mitihani kumpa cheti kipya chenye jina lake la sasa na kisicho na alama ya jinsia, kwa hoja kwamba kanuni za baraza hilo hazikulazimu alama hiyo kuwepo. Ulikuwa ushindi mkubwa, lakini ulihusu karatasi. Haukugusa bweni wala bafu.

Agosti 2025, Jaji Reuben Nyakundi wa Mahakama Kuu ya Eldoret alikwenda mbali zaidi katika kesi ya mtu aliyekamatwa mwaka 2019 na kupekuliwa mwili ili jinsia yake ijulikane. Alimpa fidia ya Sh1 milioni na kuitaka Serikali ipeleke Bungeni sheria ya kuwalinda watu wa aina hiyo, au mswada wa watu huntha uliokuwapo urekebishwe ili uwajumuishe.

Viongozi wa elimu, kwa upande wao, wameelekea kwingine. Mwishoni mwa Desemba 2021, marehemu Profesa George Magoha, akiwa Waziri wa Elimu, alisema wanafunzi mashoga na wasagaji wasikubaliwe katika shule za bweni bali wasome shule za kutwa karibu na nyumbani. Mwaka 2023, baada ya Mahakama ya Juu kuamua Februari kwamba shirika la kutetea mashoga lina haki ya kusajiliwa, Waziri Ezekiel Machogu, ambaye ni mwana wa Kisii na aliyewahi kuwa mbunge wa Nyaribari Masaba, alitangaza kamati ya makasisi ikiongozwa na Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit ili kuukabili ushoga shuleni.

Hakuna waziri kati ya hao aliyewazungumzia huntha. Lakini mwalimu wa Nyacheki anayemwona mwanafunzi akiepuka choo cha wenzake hana maagizo yanayomsaidia kupambanua, na katika hali ya hewa iliyokuwapo mwaka 2023 kosa la kushuku ushoga lilikuwa jepesi kufanywa kuliko la kunyamaza. Hapo ndipo mtoto aliyelindwa na sheria huumizwa na vita visivyomhusu.

Nchi nyingine hazijatoa jibu moja. India, kupitia uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Aprili 2014, iliziagiza serikali kuwajengea watu wa jinsia ya tatu vyoo vyao vya umma. Nchini Marekani, mwanafunzi Gavin Grimm wa jimbo la Virginia aliishtaki bodi ya shule mwaka 2015 akitaka kutumia choo cha wavulana, akashinda, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikakataa kusikiliza rufaa ya bodi. Majimbo mengine nchini humo yakapitisha sheria za kukataza jambo lile lile. Afrika Kusini ilipoandaa rasimu ya mwongozo mwaka 2022, vyoo vya pamoja ndivyo vilivyozusha kelele kuliko yote.

Kinachowezekana

Mabishano hayo yote yanahusu nani aingie katika chumba ambacho wengine wamo. Katika mazingira ya Gusii ipo njia inayoliepuka swali lenyewe, nayo ni tundu moja, kuta nne, paa, mlango, na komeo la ndani, bila maandishi ya jinsia. Choo cha aina hiyo hakimkutanishi mtu na mtu. Humfaa mtoto huntha, humfaa mwenye ulemavu, humfaa msichana mwenye hedhi anayetaka maji na faragha, na mzazi anayehofia usalama wa bintiye hapati la kulalamikia.

Fedha ni kikwazo, kwani mgao wa Serikali kwa shule ya msingi umekuwa Sh1,420 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na huo ni wa vitabu, chaki na mengineyo. Hata hivyo, shule inapochimba safu mpya, iwe kwa hazina ya eneobunge au kwa harambee, kuligeuza tundu la mwisho litazame upande mwingine hakuhitaji bajeti ya pili. Kwa wavulana, kujenga viambaza baina ya nafasi za kusimama ni kazi ya fundi mmoja na mawe machache.

Baadhi ya walimu wakuu huamua kumpa mtoto ufunguo wa choo cha walimu. Ni suluhisho la haraka, na kwa siku za kwanza halina ubaya. Tatizo ni kwamba darasa zima humwona akiupokea, na ndani ya wiki moja ufunguo huwa umekuwa tangazo. Inafaa zaidi ruhusa hiyo itolewe kwa wanafunzi kadhaa kwa sababu mbalimbali, na sababu yake ijulikane na mwalimu mkuu, mwalimu mshauri na mzazi pekee.

Choo cha kutwa, hata hivyo, ndiyo hatua nyepesi. Kundi la kwanza la mtaala mpya lilipangiwa kuingia Gredi ya 10 Januari 2026, na shule nyingi za sekondari zenye sifa katika Gusii, mfano Kisii School na Nyabururu Girls, ni za jinsia moja na za bweni. Huko mwanafunzi hutarajiwa kuoga pamoja na wenzake alfajiri, mara nyingi katika mabafu yasiyo na milango, kwa muda wa wiki kumi na zaidi. Shule atakayopangiwa huamuliwa na herufi moja iliyoandikwa katika cheti chake cha kuzaliwa, miaka 15 iliyopita, na mtu aliyemtazama kwa dakika moja.